UZI: Februari 1917, akina mama wa Petrograd, askari wa Volynsky na mwisho wa ufalme wa miaka 300 Urusi

#1 Mtoa uzi

Wakuu habari za muda huu. Kila mjadala wa Urusi ukianza lazima aje mtu na ile kauli kwamba Lenin ndo alimpindua mfalme wa Urusi. Hapana jamani. Siku Tsar Nicholas wa Pili anaachia kiti, Lenin alikuwa Zürich huko Uswisi, na Januari ya mwaka huohuo wa 1917 alikuwa amesimama mbele ya vijana akawaambia sisi wazee huenda tusiishi kuziona vita za mwisho za mapinduzi yanayokuja. Yaani hata yeye hakuwa anajua. Ukoo wa Romanov ulikaa madarakani toka 1613, mwaka 1913 walifanya sherehe kubwa nchi nzima za kutimiza miaka 300, na miaka minne tu baadae wakaondoka ndani ya wiki moja bila chama chochote kuongoza shughuli yenyewe. Walioanza ni akina mama wa viwanda vya nguo na waliomaliza ni askari watoto wa wakulima, na hawa wote majina yao hayapo vichwani mwetu. Hiyo ndo inaniuma na ndo sababu ya uzi huu.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kubisha abishe kwa hoja. Njaa peke yake haikumwangusha Tsar. Mwaka 1905 njaa ilikuwepo, hasira ilikuwepo, tarehe 9 Januari watu walienda na picha za watakatifu kumwomba mfalme wao awasikilize wakapigwa risasi hadharani, migomo ikasambaa nchi nzima, na bado Tsar alibaki. Alibaki kwa sababu alimaliza haraka vita yake na Japan, akasaini amani mwezi wa tisa, na sehemu kubwa ya jeshi ikaendelea kumtii ikazima moto kijiji kwa kijiji. Mwaka 1917 hakuwa na lile jeshi tena. Vita kuu iliyoanza 1914 ilikuwa imeshamla yule askari wa zamani aliyekula kiapo akakiamini, pamoja na maafisa wake, ikamwachia Tsar wananchi waliovalishwa sare.

Angalieni ilivyokuwa. Agosti 1914 tu, vita haijamaliza hata mwezi, jeshi la Jenerali Samsonov likazingirwa Tannenberg likasambaratishwa na jenerali mwenyewe akajiua kwa bastola. Mwaka 1915 ikawa kurudi nyuma majira yote ya joto, Warsaw ikaondoka, Poland yote ikaondoka, kuna vikosi vilikuwa na askari wasio na bunduki, wanaambiwa msubiri mwenzenu afe mchukue ya kwake. 1916 Jenerali Brusilov akawapiga Waaustria vibaya sana, ushindi mkubwa kweli, ila ulilipwa kwa damu nyingi mno na mwisho wake mstari ukaganda tena. Kufika mwisho wa mwaka huo Urusi ilikuwa imeshaita jeshini watu karibu milioni 15. Milioni 15 wakuu! Vijijini wamebaki wanawake, wazee na watoto.

Naendelea chini, msinikatize kwanza.

#2 Mtoa uzi

Twende kwenye mkate. Wengi wanadhani Urusi nafaka iliisha, wakati chakula kilikuwepo. Mkulima wa kusini alikuwa na ngano yake ghalani ila hakuwa na sababu ya kuiuza, kwa sababu serikali inachapisha noti usiku na mchana, noti zinashuka thamani, na viwanda vyote vinatengeneza mizinga, akiuza ngano hizo pesa anunulie nini? Jembe hakuna, kitambaa hakuna, misumari hakuna. Basi anakaa nayo anasubiri. Na hata ile iliyouzwa ikifika stesheni inakuta reli imechoka, vichwa vya treni vibovu, na kipaumbele ni mabehewa ya jeshi. Ongeza baridi ya Januari na Februari 1917 ilivyokuwa kali, treni zikaganda njiani. Petrograd (ndo St. Petersburg, walibadili jina 1914 kwa vile lile la kwanza lilisikika kijerumani) ipo mbali kaskazini kabisa, inategemea kila kitu kiletwe. Unga ukifika na kuni hakuna, mwokaji ataokaje?

Kuna na hili la pombe, huwa linapitwa. Vita ilivyoanza Tsar alipiga marufuku vodka wakati biashara ya vodka ilikuwa ya serikali na ilikuwa inaingiza karibu robo ya mapato ya nchi. Yaani unaingia kwenye vita kubwa kuliko zote halafu siku hiyohiyo unakata robo ya mapato yako kwa mkono wako mwenyewe. Pengo wakaliziba kwa mikopo na kwa kuchapisha noti, na noti ndo hizo zilizomfanya mkulima afunge ghala. Vitu vyote hivi vimeshikana.

Matokeo yake mwanamke wa Petrograd anafanya kazi kiwandani masaa 10 mpaka 12 kwa siku, akitoka hapo anaenda kupanga foleni ya mkate usiku kwenye baridi inayoua, mume yuko vitani au ameshakufa, watoto wako nyumbani peke yao, na asubuhi anaambiwa mkate umeisha. Tarehe 19 Februari ikatangazwa kwamba kuanzia tarehe 1 Machi mkate utatolewa kwa mgao. Hofu ikaingia, kila mtu akakimbilia duka la mikate, foleni zikaongezeka maradufu, vioo vikaanza kuvunjwa.

#3 Mchangiaji

Mkuu nondo nzito ila umemruka Rasputin. Mimi nilivyosoma yule mganga ndo aliharibu kila kitu, alimshika malkia akili.

#4 Mtoa uzi

Ndugu yangu sijamruka, nimemweka mahali pake. Rasputin aliuawa mwezi Desemba 1916 kwenye jumba la Prince Yusupov, na wauaji walikuwa ndugu wa ukoo wa kifalme na mbunge wa mrengo wa kulia kabisa, watu waliofikiri wakimtoa yeye ufalme utapona. Ufalme ulianguka miezi miwili baadae. Kwahiyo kama yeye ndo alikuwa ugonjwa, mbona mgonjwa alikufa baada ya kutibiwa?

Alichofanya Rasputin ni kuchafua jina. Malkia Alexandra alikuwa Mjerumani wa Hesse kwa kuzaliwa, mtoto wake wa kiume Alexei alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda na ugonjwa wenyewe ulifichwa kwa wananchi, kwahiyo watu hawakuelewa kwanini mkulima wa Siberia anaingia ikulu anavyotaka. Wakajaza wenyewe. Ikasemwa malkia ni jasusi, ikasemwa ana simu ya moja kwa moja na Berlin. Uongo mtupu, ila askari aliyeko kwenye handaki anaoza miguu aliuamini, na kwenye siasa kinachoaminiwa kina nguvu sawa na ukweli. Novemba 1916 mbunge Milyukov alisimama kwenye Duma, yaani bunge lao, akataja makosa ya serikali moja baada ya jingine na kila akimaliza anauliza, huu ni ujinga au ni usaliti? Hotuba ikazuiwa magazetini, watu wakainakili kwa mkono mpaka ikafika kwa askari.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la Tsar mwenyewe. Mwaka 1915 alimwondoa ndugu yake Nikolai Nikolaevich kwenye ukuu wa jeshi akachukua yeye, mawaziri wake karibu wote wakamsihi asifanye hivyo akakataa. Akahamia makao makuu ya jeshi Mogilev, karibu kilomita 700 kutoka mji mkuu. Toka siku hiyo kila kushindwa vitani ni kwa jina lake, na mji mkuu kamwachia mke wake ambaye anabadilisha mawaziri kama nguo. Ndani ya mwaka mmoja tu wamepita mawaziri wakuu wanne, Goremykin, Stürmer, Trepov, Golitsyn, na huyo wa mwisho alimwomba Tsar amsamehe asimpe kazi maana ni mzee na mgonjwa. Akapewa hivyohivyo.

#5 Mtoa uzi

Sasa zile siku zenyewe. Tarehe natumia za kalenda yao ya zamani ambayo ilikuwa nyuma kwa siku 13, ndo maana Februari yao kwetu ilishakuwa Machi.

Tarehe 22 Tsar anapanda treni kurudi Mogilev, ana amani kabisa. Siku hiyohiyo kiwanda cha Putilov, kikubwa kuliko vyote mjini, kimefunga mageti kwa sababu ya mgogoro wa mishahara, maelfu ya wanaume wa kiwanda hicho cha chuma wako mtaani hawana kazi.

Tarehe 23 ilikuwa siku ya wanawake, kwetu ni Machi 8. Baridi imepungua ghafla baada ya wiki za baridi kali na watu wanatoka nje. Akina mama wa viwanda vya nguo mtaa wa Vyborg wakagoma, na hapa naomba tuelewane vizuri, viongozi wa vyama vya kimapinduzi pale mtaani walikuwa wamewaambia WASIGOME, wakati bado. Hawakusikiliza. Wakatoka, wakaenda chini ya madirisha ya viwanda vya chuma wanapiga kelele mkate, tokeni, wanarusha mipira ya theluji na vipande vya chuma mpaka wanaume wakatoka. Jioni waliogoma ni zaidi ya 70,000. Kesho yake kama 200,000. Polisi wakafunga madaraja ili wasivuke kwenda katikati ya mji, wakashuka wakavuka mto Neva kwa miguu juu ya barafu. Tarehe 25 mji wote umesimama, tram haziendi, magazeti hayatoki, na kelele za mkate zimeongezeka na nyingine, vita iishe, Tsar aondoke.

Jioni ya tarehe 25 ikaingia telegramu kutoka Mogilev kwa Jenerali Khabalov, mkuu wa jeshi la mji. Tsar anaamuru fujo zikomeshwe KESHO, hazivumiliki wakati wa vita. Mtu yuko mbali, hajaona hata foleni moja ya mkate, anaandika mstari mmoja. Khabalov baadae alieleza kwamba ilimpiga kama rungu, maana alijua kuitekeleza ni kupiga watu risasi.

Na zikapigwa. Jumapili tarehe 26 uwanja wa Znamenskaya na barabara ya Nevsky watu wengi walikufa. Kwa akili ya 1905 hapo ingekuwa mwisho, na wanamapinduzi wengine usiku huo walikata tamaa kabisa wakajua wameshindwa.

Ila waliopiga risasi Znamenskaya walikuwa kikosi cha mafunzo cha rejimenti ya Volynsky, na usiku ule kambini hawakulala. Sajenti mmoja Timofey Kirpichnikov alikaa na wenzake wakakubaliana kesho hatutoki kuua tena. Hawa walikuwa wa akiba. Gadi za kweli za Tsar, yaani vikosi vyake vya zamani vya ulinzi, zilikuwa zimelala kwenye makaburi ya Poland na Galicia, waliokuwa mjini ni vijana waliotolewa vijijini juzi, wazee wenye familia, waliojeruhiwa wakapona, wafanyakazi walioitwa jeshini kama adhabu ya kugoma, wamejazwa kwenye kambi zisizowatosha, zaidi ya 160,000, na kila mmoja anajua akimaliza mafunzo anapelekwa kufa. Halafu unampa bunduki unamwambia ampige mwanamke anayelia mkate, wakati mama yake na yeye ana shida hiyohiyo.

Asubuhi ya tarehe 27 kamanda wao Lashkevich akaja, wakakataa amri, akauawa wakati anatoka pale uani. Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma, maana adhabu ya kuua afisa wakati wa vita inajulikana, kwahiyo usalama wao ulikuwa kwenye wingi. Wakakimbilia kambi za jirani, Preobrazhensky, Litovsky, kambi moja inaamsha nyingine. Ghala la silaha likafunguliwa, magereza yakafunguliwa, mahakama ikachomwa. Asubuhi waasi ni kikosi kimoja, usiku Khabalov hana hata askari elfu mbili wa kuwaamini.

#6 Mchangiaji

Asante sana kaka, yaani nasoma kama niko pale. Swali langu, Tsar alikuwa na mamilioni ya askari huko mstari wa mbele, kwanini asiwalete wakazima?

#7 Mtoa uzi

Dada swali zuri na ndo kiini cha uzi. Alijaribu. Alimtuma Jenerali Ivanov na kikosi cha mashujaa waliopata nishani ya St. George, na vikosi vingine viliagizwa vifuate. Ivanov akafika Tsarskoe Selo, akakuta askari wa pale nao wamegeuka, akarudi alikotoka bila vita.

Tsar mwenyewe alikuwa anakimbilia kwa familia yake, watoto wana surua. Treni yake ikafika Malaya Vishera wakaambiwa mbele reli imeshikwa na waasi, wakageuza kwenda Pskov, makao makuu ya Jenerali Ruzsky. Mfalme wa nchi kubwa kuliko zote duniani anazunguka kwenye reli anatafuta njia ya kurudi kwake, na kwa muda ule hakuna anayejua vizuri yuko wapi. Kule mjini jengo moja, jumba la Tauride, limeshakuwa na serikali mbili, upande mmoja wabunge chini ya spika wao Rodzianko wameunda kamati yao, upande mwingine Soviet, baraza la wafanyakazi na askari.

Tarehe 2 Machi Jenerali Alekseev, mnadhimu mkuu, aliwauliza kwa telegramu makamanda wa mistari yote ya mbele, na swali lenyewe lilishabeba jibu: vita inaweza kuendelea tu kama Tsar ataachia kiti. Brusilov akasema aondoke. Evert aondoke. Nikolai Nikolaevich, damu yake kabisa, aondoke, anamwomba kwa kupiga magoti. Ruzsky akampelekea majibu ndani ya behewa. Nicholas akasoma, akanyamaza, akafanya ishara ya msalaba akakubali. Usiku wakafika Guchkov na Shulgin kutoka Duma kuja kuchukua saini. Mwanzo alikuwa amwachie mtoto Alexei, akamuuliza daktari wake kama huyu mtoto atapona, daktari akasema hapana, akabadili akamwachia mdogo wake Mikhail. Kwenye shajara yake usiku ule aliandika kwamba pande zote anaona usaliti, woga na udanganyifu.

Mikhail alikaa na wanasiasa asubuhi ya tarehe 3 kwenye nyumba mtaa wa Millionnaya, akamuuliza Rodzianko kama wanaweza kumhakikishia uhai wake. Akajibiwa hapana. Akakataa kiti mpaka bunge la katiba litakapochaguliwa na wananchi. Ikawa basi.

#8 Mchangiaji

Kwahiyo mkuu kwa maelezo yako haya ni mapinduzi ya majenerali tu, wananchi walisindikiza. Majenerali wangekaa na mfalme wao asingetoka.

#9 Mtoa uzi

Hapa sikubaliani kabisa na niko tayari tubishane mpaka asubuhi. Majenerali wale walikuwa watu wa ufalme, hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi ya tarehe 23 anataka Tsar aondoke kwa njia hii. Walichokuwa wanaogopa ni kutuma vikosi Petrograd halafu navyo vigeuke, wabaki hawana mstari wa mbele wala mji mkuu huku Mjerumani yuko mbele yao. Waliogopa hivyo kwa sababu waliona kilichowapata Khabalov na Ivanov. Nani aliwafikisha hapo? Ni Kirpichnikov na wenzake. Na Kirpichnikov nani alimfikisha kwenye kukataa? Ni wale waliosimama mbele ya bunduki siku nne mfululizo wakiongea na askari, wanawake wanawasogelea wanawashika bunduki wanawaambia hata nyie mna mama. Hata wapanda farasi wa Cossack ambao 1905 walikuwa wanakata watu kwa mapanga safari hii walipita pembeni ya umati bila kugusa mtu, na watu wakawashangilia. Majenerali walipeleka tu taarifa ya jambo lililokwishatokea mtaani.

Watu zaidi ya elfu moja waliuawa au kujeruhiwa Petrograd zile siku. Kuwaita wasindikizaji ni kuwakosea.

#10 Mchangiaji

Uzi umeenda shule. Ila ufalme wa Mjerumani nao si ulianguka hivihivi kwenye vita hiyohiyo? Huku kwetu babu zetu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya hao hao.

#11 Mtoa uzi

Kweli kabisa mkuu, na njia inafanana. Mabaharia wa Ujerumani waliamriwa mwisho wa Oktoba 1918 watoke kwenda vita ya mwisho baharini wakati vita imeshapotea, wakagoma, maasi yakalipuka Kiel yakasambaa mji hadi mji, na tarehe 9 Novemba ikatangazwa Kaiser ameachia kiti. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, na askari wake Waafrika kule Rhodesia Kaskazini walikuwa bado wanapigana, wakasalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya mfalme waliyekuwa wanampigania kukimbilia Uholanzi. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi kwenye vita ile pande zote mbili ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Huo unahitaji uzi wake, nitauandika.

Nimalizie la Urusi maana kuna aliyeniuliza inbox kwanini serikali mpya haikudumu. Prince Lvov, Milyukov, Guchkov, baadae Kerensky, viongozi wa serikali iliyotoka kwenye ile kamati ya Duma, walichukua nchi iliyomwondoa mfalme kwa sababu ya vita, halafu wakaendelea na vita. Tarehe 1 Machi Soviet ilishatoa Amri Namba Moja, kila kikosi kichague kamati yake na silaha ziwe chini ya kamati, kwahiyo serikali ina wizara na magari, Soviet ina askari. Aprili Milyukov akawaandikia Waingereza na Wafaransa kwamba tutapigana mpaka ushindi, barua ikajulikana, mtaa ukawaka, akajiuzulu na Guchkov naye. Juni Kerensky akaagiza mashambulizi mapya, siku za kwanza wakasogea, halafu vikosi vikakataa kwenda, Mjerumani akajibu na mstari ukabomoka. Mkulima aliyevaa sare alikuwa anataka vitu viwili, amani na ardhi, na vyote viwili aliambiwa asubiri. Akaanza kutembea kwenda kijijini kwake, ardhi isije ikagawiwa yeye hayupo. Lenin alishafika toka Aprili kwa treni iliyopitishwa Ujerumani na yeye alikuwa anasema amani sasa hivi, ardhi sasa hivi. Oktoba alipochukua mji, waliojitokeza kuilinda ile serikali kwenye jumba la Winter Palace walikuwa wanafunzi wa shule za maafisa na kikosi cha wanawake. Jeshi la Petrograd lilibaki kambini au likaenda upande wa pili, kama lilivyomfanyia Tsar miezi minane nyuma.

Mwenye swali la bunge la katiba na kura za Novemba 1917 aliache hapa, kesho jioni nitajibu.